Chaki ya Mwalimu Issa

Jumatatu, 9 Februari
Mvua tangu alfajiri. Nimepanda bajaji kutoka mtaa wa Kikuyu, nimeshuka getini na tope hadi magotini. Paredi haikufanyika. Watoto wamebanana madarasani, wengine sakafuni. Shule ina zamu mbili, asubuhi na mchana, na bado hawaenei. Mji unakua, nyumba zinaota kila kona, madarasa ni yaleyale.

Wiki ya tatu hii ya mafunzo ya ualimu mkuu. Tumechukuliwa walimu wazoefu, kila mmoja akapelekwa kwenye shule iliyolemewa, akajifunze kwa mwalimu mkuu aliyepo. Mimi nimeangukia kwa Madam Chiku. Kiumri ni sawa na mdogo wangu wa mwisho kabisa. Asubuhi ananiamkia shikamoo, nikishaitikia marahaba ananituma kazi. Mimi niliyezeeka nikifundisha hesabu kule Bahi! Haya. Mafunzo yakiisha, yeye ndiye atakayesema nipewe shule au nirudi nilikotoka.

Naitaka shule. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Naitaka mno.

Jumatano, 11 Februari
Kazi ya leo: kukaa nyuma ya darasa, kumwangalia mwalimu akifundisha. Basi. Nimepangiwa hesabu, Darasa la Nne B, kwa Mwalimu Issa. Kijana wa Kondoa, mpole. Amesomea Kiswahili, hesabu amebebeshwa tu kwa sababu hakuna mwingine.

Somo ni kutoa kwa kuchukua. 503 kutoa 278. Akachukua moja kwenye mamia, akapeleka kwenye makumi, akachukua tena kupeleka kwenye mamoja. Vizuri. Lakini kwenye makumi akasahau kupunguza. Pale palipobaki tisa yeye akaacha kumi. Akaandika jibu: 235. Watoto wakaanza kunakili. Watoto wote wale, wananakili uongo!

Sikuvumilia. Niliinuka, nikaenda mbele, nikaichukua chaki mkononi mwake. Nikafuta ubao. Nikafundisha mpaka kengele. Jibu ni 225, na darasa lote lilijua kwa nini. Mikono juu, mwalimu mimi, mwalimu mimi. Nilijisikia vizuri kwelikweli. Issa alisimama dirishani muda wote.

Alhamisi, 12 Februari
Nimeharibu.

Leo Issa aliingia Nne B, akafungua kitabu. Mtoto mmoja akamwambia: "Mwalimu, si tumsubiri yule mama anayejua?" Darasa zima likaangua kicheko. Issa akafunga kitabu, akatoka. Amemwambia Madam Chiku hesabu hafundishi tena, na anaomba uhamisho.

Wakati wa chai walimu wenzangu walinyamaza nilipoingia. Hakuna aliyenisogezea sahani ya maandazi. Nikachukua andazi mwenyewe, nikala nusu.

Nimekasirika. Nilikuwa sahihi! Walitaka nikae nitazame tu?

Ijumaa, 13 Februari
Madam Chiku ameniita ofisini. Nilijiandaa kujitetea. Hakunipa nafasi.

"Madam Merina, hesabu yako ilikuwa sahihi. Sasa niambie, Jumatatu nani anafundisha Nne B?"

Mimi, nikasema. Haraka, tena kwa furaha.

"Na ukipewa shule yako? Utafundisha madarasa yote?"

Akachukua mwavuli akaenda kuwaona wazazi waliokuwa wanamsubiri nje. Nikabaki pale na kiherehere changu. Khaa. Mtoto wa juzi tu ameniweza.

Jumanne, 17 Februari
Siku mbili nafundisha Nne B. Watoto wananipenda, nami nawapenda. Hapo ndipo penye tatizo. Nikiwa ubaoni nasahau kila kitu. Leo mwalimu wa Darasa la Kwanza hakufika, watoto wakacheza kwenye matope mpaka saa nne. Nilipaswa kujua. Nilikuwa ubaoni, nagawanya sehemu.

Issa kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, mama," kwa adabu zote, halafu anageukia dirisha. Afadhali angenitukana. Leo nilimfuata nyuma ya stoo, hapakuwa na mtu. Nikamwomba radhi.

"Hamna shida, mama."

Shida ipo. Ile "hamna shida" naijua, hata mimi huwa naitoa.

Alhamisi, 19 Februari
Ramadhani imeanza. Issa amefunga, chai haji. Sisi wa Kwaresima tunaendelea na maandazi yetu, Mungu atusamehe.

Nimewaza tangu juzi. Nilimvua nguo hadharani, nikaenda kumwomba radhi uchochoroni. Watoto walioona ya kwanza hawakuona ya pili. Kwao Issa bado ni yule asiyejua.

Nimemwambia Madam Chiku nataka kumwomba radhi mbele ya Nne B. Akashtuka. Na mimi naelewa. Tangu nianze kazi hii sijaona mwalimu akiomba radhi mbele ya wanafunzi. Haifanyiki. Mtu unajishusha, kesho watakusikiliza vipi? Akasema wengine watasema nimeitia ofisi aibu, na yeye atakapoandika taarifa yangu hawezi kulificha jambo hilo. "Sikutumi, sikuzuii."

Basi naweza kuikosa shule kwa hili. Naogopa. Nimelala vibaya siku zote hizi.

Jumatatu, 23 Februari
Nimefanya.

Issa alikataa kuja. Nikamwambia nitaenda hata asipokuja. Nilipofika mlangoni nikasikia viatu vyake nyuma yangu. Watoto wakasimama, shikamoo mwalimu. Nikawakalisha.

Nikasema siku ile nilimnyang'anya mwalimu wenu chaki. Kukosea hesabu ni jambo la kila mtu, hata mimi hukosea. Kumdharau mtu mbele za watu ndilo kosa, na aliyelifanya ni mimi. Nikamgeukia. Mwalimu Issa, naomba unisamehe.

Binti mmoja dawati la mbele mdomo wazi.

"Nimekusamehe, mama," Issa akasema, sauti ndogo. Akatoka.

Ofisini maneno yameshafika. Eti Madam Merina siku hizi anawapigia magoti Nne B. Waseme. Nikakaa kwanza kwenye benchi la nje. Ila nimekula mchana, nimekula vizuri, wali wote na mboga ya mlenda.

Jumatano, 25 Februari
Issa amenifuata mwenyewe. Zamu ya asubuhi ilikuwa imetoka, mimi naokota karatasi. Akasimama, akasafisha koo.

"Mama, ile yenye sifuri katikati. Tangu chuo inanipiga chenga."

Jamani. Tangu chuo! Na alipokabidhiwa hesabu hakuna aliyemuuliza kama anaiweza. Hata mimi, niliyekaa nyuma ya darasa lake, sikumuuliza. Nilisimama tu nikaenda kuchukua chaki.

Tukakaa na vijiti, mafungu ya kumikumi yamefungwa kwa mpira. Nikamwacha afungue mwenyewe. Loo, ilinigharimu! Mara mbili mkono ulinyanyuka kwenda kwenye vijiti vyake, nikaurudisha. Ulimi nimeung'ata. Anakwenda polepole, mtu wa kujaribu huku na huku. Mimi ningemaliza zamani. Lakini alipoona fungu moja la kumi likifunguliwa, mafungu tisa yanabaki, alicheka peke yake.

Alhamisi, 26 Februari
Tena na vijiti. Sikuongea sana. Ameniuliza Jumanne ijayo aingie Nne B yeye? Nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Jumanne, 3 Machi
Nilikaa nyuma. Issa ubaoni. 602 kutoa 347.

Alianza vizuri. Akafika kwenye sifuri, akasimama. Akatazama ubao. Akaendelea kutazama. Halafu darasa zima, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kunitazama mimi. Macho yote yale! Wananisubiri niinuke.

Jibu nilikuwa nalo. Nikaikalia mikono yangu, kabisa, chini ya mapaja. Nikatazama sakafu.

"Msimtazame mama," Issa akasema. "Nitazameni mimi. Nafikiri."

Akatoa vijiti mfukoni. Akavunja fungu moja mbele yao, akahesabu kwa sauti, nao wakahesabu naye. Mafungu tisa hapa, vijiti kumi na mbili pale. 255. Akamwita mtoto yuleyule aliyesema wamsubiri mama anayejua, akampa hesabu nyingine, akaipata. Hakuna aliyecheka.

Nikatoka nje nikajifuta macho kwa khanga. Mtu mzima, nalia kwa sababu ya hesabu ya kutoa. Upuuzi mtupu. Nina furaha.

Jumanne, 10 Machi
Madam Chiku ameniita. Akaniamkia, nikaitikia, akafunga mlango. Kwenye taarifa yangu ameandika ndiyo.

Ya Nne B ameyaandika yote, akasema, chaki na radhi vilevile. Wakubwa wakiuliza, yeye atajibu. Shule ninayopewa iko pembezoni mwa mji, njia ya kwenda Chamwino. Watoto wamefurika, walimu wachache, mwalimu mkuu aliyekuwepo aliomba kuondoka. Akanipa hongera na pole kwa pamoja. Nikacheka, naye akacheka. Ni mara ya kwanza tunacheka pamoja.

Issa hajaulizia tena uhamisho. Nami sikumuuliza.

Naogopa hiyo shule. Naitaka vilevile.

Alhamisi, 12 Machi
Siku yangu ya mwisho hapa. Mawingu, lakini mvua haikunyesha. Walimu wamenipa kitenge, na Madam Chiku amenipa ndoo ya zabibu niwapelekee wa nyumbani. Maneno machache, makofi, picha.

Baadaye nikapita nje ya Nne B. Kilikuwa kipindi cha hesabu. Watoto walikuwa wanacheka kwa nguvu, na Issa naye anacheka. Nikasimama pembeni ya dirisha, wasinione. Walikuwa wanacheka nini, sijui. Nilitamani sana kujua.

Sikuingia. Nikaenda kuangalia kama tangi la maji la shule limejaa.