Alama za Mkaa Jikoni kwa Mama

Mkomaindo,
S.L.P. 417,
Masasi.
9 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Salmini,

Marahaba, maana najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia kwanza. Hujambo? Mwili unaendeleaje na hiyo baridi uliyosema inaanza huko? Unakula ukashiba? Mimi na Baba Swaumu tu wazima, na Swaumu yuko darasa la pili, meno ya mbele hana. Hao ndio wazima. Mama si mzima, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Simu yako Mama huitaka iwe na sauti kubwa ili naye akusikie, na haya sitaki ayasikie. Ya pili, kwa simu ningekutukana. Kalamu inanipoza kidogo. Cecil, mtoto wa jirani yetu Theodora, anakuja huko India kusoma, nimempa akukabidhi mkononi.

Unakumbuka mwezi wa tano ulivyopiga una furaha? Ulimweleza Mama kazi yenu: kwamba Wahindu wana ibada ya moto, wanachoma kuni za mwembe, samli na mitishamba, na wewe na walimu wako mnaupima ule moshi kuona kama una tiba. Ukasema mlihesabu vijidudu vya hewani chumbani kabla ya moto na baada ya moto, vikawa vimepungua sana. Mama alipiga vigelegele. Mimi pia nilifurahi, sikatai. Mtoto wa Newala anahesabu vijidudu India!

Ila hukumuuliza Mama anaendeleaje na dawa. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza vidonge vya kifua kikuu. Vilikuwa vinamtapisha, mkojo unatoka mwekundu, na asubuhi hapakuwa na mtu wa kumsimamia akivimeza. Wewe ulisema moshi unaua vijidudu. Yeye alisikia amepata dawa, tena ya mwanawe.

Usidhani alibadili dini. Sala zake tano alisali vilevile. Alisema sisi tunafukiza udi na ubani tangu enzi za bibi zetu, na mwaka ule wa korona kila nyumba ilijifukiza nyungu, basi moto wa Wahindu bila maneno ya Wahindu una ubaya gani. Kuni za mwembe alikuwa nazo. Samli sasa, pale kijijini nani anafuga ng'ombe? Akafikiri, akapata jibu lake mwenyewe: maganda ya korosho, kwa kuwa yana mafuta.

Salmini, wewe umekulia kwenye mikorosho. Unajua tukibangua tunakaa upande upepo unakotoka, moshi wake mkali usitupige, na mikono tunaipaka majivu. Mama anajua kuliko wewe. Nilipomuuliza alinijibu kama anamfundisha mtoto: "Wee Faudhia, mafuta yale si yanababua ngozi? Basi na vijidudu yatavibabua."

Alifunga mlango wa jiko, dirisha akaliziba kwa kanga, akawa anakaa humo asubuhi na jioni. Juni, Julai, Agosti. Baridi na ukungu wa Newala vilimfichia siri, maana miezi ile kila jiko linafuka.

Niligundua mwezi wa tisa, nilipopanda kwenda kumsaidia kuokota korosho. Nilimkuta sauti imekauka, macho mekundu, mabega yametokeza kwenye gauni. Nikawa natafuta chumvi jikoni, nikafungua kopo la majani ya chai, nikakuta vidonge. Vimejaa hadi mdomoni. Alikuwa anavifuata zahanati kila wiki, anashukuru, anarudi navyo nyumbani, anameza viwili vitatu akijisikia, vingine anavimwaga humo. Nililia nimesimama na kifuniko mkononi.

Sasa niko naye hapa kwangu. Daktari amesema kifua kimeharibika zaidi, na ugonjwa umekuwa sugu, vile vidonge vya kwanza hauvisikii tena. Ipo dawa nyingine, ya miezi mingi, na akiianza sasa bado tuna matumaini. Hataki. Anasema moto niliukatiza mimi, ungekamilika angepona.

Mjomba Dauda ameteremka kutoka Newala, na unajua neno la mjomba kwetu lina uzito gani. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kaka, wewe mkulima. Salmini amesoma." Mjomba akachukua kofia yake, akaenda kukaa nje.

Kwa hiyo limebaki neno lako. Nimeusoma tena ujumbe ulionitumia mwezi ule, nikaona jambo ambalo Mama hukumwambia: chumba mlichopima kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mgonjwa ndani. Hakuna aliyeuvuta ule moshi. Mwambie hivyo. Mwambie kwa mdomo wako kwamba bado hamjui, kwamba kuua vijidudu vya hewani si kuponya pafu la mtu, na kwamba yeye dawa yake ni vidonge. Najua ni vigumu kusema hujui mbele ya mtu anayeamini unajua kila kitu. Sema hivyo hivyo. Piga siku hiyohiyo utakayosoma barua hii, iwe asubuhi, ndipo anakuwa na nguvu.

Nilikukasirikia sana, sikufichi. Wiki iliyopita nilirudi Newala kumchukulia Mama nguo, nikaona ukuta wa jiko, nyuma ya mafiga. Umejaa alama za mkaa. Kila siku ya moto ina mstari mmoja mrefu, na pembeni yake vistari vifupi. Nilipomuuliza akasema vile vifupi ni kikohozi, kila akikohoa kimoja. Alikuwa anakuhesabia, ili ukija likizo uchukue ukaongeze kwenye utafiti wenu.

Nimekunakilia zote kwenye karatasi ya pili. Utaona mwanzoni ni saba, nane, sita. Julai zinapanda: kumi na mbili, kumi na tisa, ishirini na nne. Halafu zinakatika, ingawa moto aliendelea kuuwasha hadi nilipomkuta. Nikamuuliza mbona aliacha kuhesabu. Akanigeuzia mgongo, akasema hakutaka kukuharibia kazi.

Tangu hapo hasira imeniisha, imebaki hofu tu.

Mjomba Dauda anakusalimu, na Baba Swaumu, na Theodora, ambaye anakuomba umwangalie Cecil kama ndugu yako. Swaumu anauliza kama India kuna korosho. Mungu akulinde huko uliko, na akupe ujasiri wa hiyo simu moja.

Mama naye anakusalimu sana. Anajua nakuandikia, ila hajui nini. Ameniagiza nikuambie amepona, mkaandike kwenye vitabu vyenu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikasirika,

Faudhia (Mama Swaumu)