Babu Yako na Mstari Mmoja

Kamwene, mjukuu wangu Neema.

Hapa Igowole baridi imeanza na njegere zimechanua. Mimi ni mzima, ila asubuhi bado namwekea babu yako maji ya kunawa, kisha nakumbuka hayupo tena.

Umeuliza kama kwenye ukoo wetu yupo aliyepata shida ya kusoma, maana walimu wanataka kumpima Baraka, nawe unaogopa mwanao ataitwa mjinga. Alikuwepo. Ni babu yako.

Miaka ya sabini tulikuwa darasa la tatu pamoja. Tulisoma kwa kuitikia, darasa zima kwa pamoja, na sauti yake ilizidi zote. Akaja mwalimu mpya, akataka kila mtu asome peke yake. Babu yako akasimama, akashindwa kusoma.

"Kumbe ni redio tu!" mmoja akasema, tukacheka.

Mwalimu mkuu alishatangaza kwamba asiyejua kusoma atarudishwa darasa la kwanza. Lakini yule mwalimu mpya akaketi kando ya babu yako.

"Ukitazama ukurasa, unaona nini?"

"Mistari inasukumana, mwalimu."

Akafunika mistari kwa vipande viwili vya boksi, ukabaki mmoja. Babu yako akausoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Huyu anabaki kwangu," mwalimu akasema.

Uzeeni babu yako aliniambia kicheko chetu alishakisahau. Alichokumbuka ni kwamba aliulizwa.

Mpeleke Baraka, mama. Wakimuuliza anaona nini, usimjibie.

Bibi yako, anayewawaza kila siku.