Bibi Harusi Kwenye Maporomoko

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu kutoka Gisenyi, mji mtulivu wenye baridi iliyonifanya nilale na sweta. Leo asubuhi nilipanda vilima vya Rugerero kwenda kutazama maporomoko ya maji. Njia ni tope tupu kati ya mashamba ya viazi, na ukungu ulitanda hata nikayasikia maji kabla ya kuyaona. Nilipofika nikamkuta bibi harusi! Gauni jeupe amelikunja hadi magotini, miguuni buti za mvua. Bwana harusi na mpiga picha walishavuka kijito kwa gogo, wanamwita ng'ambo. Yeye amegoma katakata.

"Mupenzi, kuja tu, iko sawa!" bwana harusi alipiga kelele.

"Mi sikuji! Iko inateleza!" Kisha akanigeukia. "Dada, na we unaogopa?"

"Naogopa sana," nikamjibu. Unanijua mimi na maji.

"Bon, sawa, tuogope pamoja."

Akanishika mkono, tukavuka kiupandeupande kama kaa, huku tukipiga mayowe. Bwana harusi akakimbilia kutupokea, akateleza, akadumbukia na suti yake hadi kiunoni, maji yakaturukia sote. Bibi harusi alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mpiga picha naye hakuacha kupiga.

Basi katika picha za harusi ya watu nisiowajua nimo mimi, mdomo wazi, nimelowa chapachapa. Siku nyingi sijafurahi hivi.

Msalimie mama, na Mungu akufanyie wepesi kwenye mitihani.

Dada yako akupendaye,
Mwajuma