Dakika Kumi na Nane za Mwisho

4 Machi

Mdogo wangu Profesa,

Hujambo? Huku hatujambo. Goti la mama limetulia, ulimi wake ndio haujatulia. Kila jioni ananiuliza nitamjibu nini yule meneja wa kiwanda cha sare. Wananitaka niwe msimamizi wa chumba cha kukata vitambaa, mji wa mbali, saa tisa kwa basi. Jibu linatakiwa tarehe thelathini.

Wewe ungeshafunga begi. Mimi bado namwangalia fundi saa wa ng'ambo ya barabara. Juzi nimempelekea tena ile saa yetu ya ukutani. Unajua ninavyofanya: nalegeza skrubu ya nyuma kidogo, inasimama, naipeleka. Mwaka wa saba huu. Akaikaza, akapangusa kioo kwa ncha ya shati lake, akaniuliza kama kiti cha cherehani bado kinaniumiza mgongo. Mwanaume asiye na haja na mtu hakumbuki mgongo wake.

Najua utacheka, lakini nakwambia ameshika kitasa, kama yule mpiga kinanda wa filamu yetu ya utotoni. Nikiondoka sasa nitakuwa nimetoka kwenye filamu ikiwa imebakiza dakika moja.

Dada yako

13 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila silali vizuri, na sababu ni barua yako. Mpe mama pole ya goti.

Alhamisi klabu ya filamu ya chuo ilionyesha filamu yetu. Nzima. Unakumbuka kanda ya baba ilikuwa inaishia pale mpiga kinanda wa ghorofa ya nne anaposhika kitasa cha mlango wa mfamasia, kisha chengachenga tupu. Tulidhani yamekatika majina ya waigizaji tu. Kilichobaki tukakimalizia wenyewe: anaingia.

Dada, haingii. Anaachia kitasa, anashuka ngazi. Baada ya hapo kuna dakika kumi na nane nyingine. Mwishoni jengo zima linacheza juu ya paa: mjane na mpeleka barua wake, mwokaji na mchumba wake, hata paka yupo. Niliwahesabu. Mfamasia hayupo, na hakuna anayeuliza yuko wapi.

Bado naipenda, na hilo ndilo linaloniudhi. Lifti imeharibika, kwa hiyo watu kumi na wawili wanakutana kwenye ngazi wapende wasipende, kila mmoja amebeba kitu kizito. Nilicheka pale pale tulipokuwa tukicheka, mjane anaposema, "Barua iache hapo, wewe ingia." Lakini mfamasia hatumwoni hata mara moja akiuza kidonge. Kazi yake ni kusikiliza kinanda kupitia dari. Tulimpenda kwa uvumilivu wake, na filamu yenye watu wengi hivyo ilimpitia kwa sababu hiyo hiyo: hakuwa akisumbua. Walimpa macho mazuri, hawakumpa sentensi. Na yule mpiga kinanda wanatutaka tumwonee huruma kwa ukimya wake, kana kwamba ukimya ni mzigo alioubeba yeye peke yake.

Sikutaka kukuandikia haya. Ila tarehe thelathini ni yako, si ya filamu. Muulize fundi wako.

Mdogo wako

19 Machi

Profesa,

Mimi mzima. Mama mzima. Goti zima.

Nani alikutuma ukae mpaka mwisho? Wenzako wakitoka kwenye filamu wanasema ilikuwa nzuri, wanakwenda kula. Wewe unahesabu nani hayupo kwenye paa. Miaka kumi na miwili nilikuwa na mlango mmoja mzuri kichwani, umekuja kuufunga kwa stempu.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Dada yako

31 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kumbe ukiambiwa unyamaze unanyamaza; sikutegemea. Sisi tu wazima.

Jana asubuhi niliichukua saa bila kulegeza kitu, nikavuka barabara, nikaiweka mezani kwake ikitembea.

"Hii inafanya kazi," akasema.

"Najua. Imewahi kuharibika?"

Akaitoa ile lenzi anayoibana jichoni. "Haijawahi. Kuna mtu huwa analegeza skrubu."

"Kumbe ulijua!"

"Tangu mara ya pili."

"Na wewe ukawa unafanya nini?"

"Naikaza," akasema, "ili uilete tena."

Ingekuwa kwenye filamu, mimi na wewe tungepiga kelele na kurudisha kanda nyuma. Pale dukani nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Miaka saba, wawili tunajua, na anayevuka barabara ni mimi tu. Nikamwambia kuna kazi mbali, jibu ni leo. Akasema, "Kazi nzuri hiyo." Basi. Nikasubiri, nikahesabu dakika mbili nzima. Pale saa za kuhesabia hazikosekani.

Nikamwandikia anwani ya kiwanda nyuma ya risiti. "Saa nakuachia. Ikisimama, safari hii utaileta wewe." Kisha nikampigia meneja. Naanza tarehe saba. Mama analia huku ananifungia vyombo.

Na wewe andika, bwana. Nilikuwa na hasira, sikuwa nimekufa.

Dada yako

16 Juni

Profesa,

Habari za mitihani? Mimi mzima, na mgongo pia. Hapa kuna viti vya kweli. Nasimamia wakataji tisa. Mmoja hunibishia, na mara nyingi ndiye anayekuwa sahihi. Nikamkumbuka mtu.

Jumamosi bawabu alikuja chumba cha kukata. "Msimamizi, kuna mtu getini amekumbatia saa kama mtoto mchanga."

Nilimaliza kwanza kitambaa kilichokuwa mezani, mita arobaini. Sikuharakisha. Nikatoka na mkasi mkononi. Shati lake lilikuwa limekunjamana kwa saa tisa za basi.

"Imesimama?" nikamuuliza.

"Haijasimama," akasema. "Nimekuja kusema."

Na akasema, mdogo wangu. Pale getini, bawabu akisikiliza bila aibu, alisema yote, sentensi baada ya sentensi. Nyingine aliirudia kwa sababu lori lilipita.

Nilimpa kiti na maji. Jibu sikumpa. Nimemwambia atalipata tarehe thelathini.

Dada yako