Povu Chini ya Mabati

Jumatatu, 3 Novemba

Maji ya moto, chupa, kitambaa. Tena maji ya moto. Ndiyo kazi yangu tangu asubuhi. Chupa naiweka kando ya mtoto, ikipoa naibadilisha. Binti yangu Neema amemfunga mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha hospitali. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Mguu wake ni kama kidole changu cha gumba. Walituruhusu kurudi nyumbani kwa sharti moja: asishikwe na baridi. Rahisi kusema. Hapa Nkungu upepo unatoka msituni na kuingia juu ya ukuta, pale mabati yasipogusana na matofali. Dirisha limefungwa, lakini pazia linacheza.

Bwana, silalamiki. Nakuambia tu.

Jumanne, 4 Novemba

Miguu yake ni baridi leo. Baridi kabisa. Neema analia bila sauti.

Nimempigia simu mume wangu, Papa Neema. Yuko Bukavu kazini, ng'ambo ya mpaka, ni fundi wa kufunga milango na madirisha. Nimemwambia njoo, mtoto anatuponyoka. Akasema atakuja na musi. Musi ni lile povu la kopo ambalo mafundi wanapulizia kandokando ya dirisha. Linavimba, linakauka, upepo haupiti tena. Nilikasirika. Mtoto anakufa, yeye ananiletea povu!

Alhamisi, 6 Novemba

Papa Neema alivuka mpaka jana na mfuko wa makopo. Leo tumefanya kazi. Neema na mtoto tuliwapeleka kwa jirani, Mama Shukuru, kwa sababu ya harufu. Inakata koo. Mzee alisimama juu ya meza, mimi nikilowanisha ukuta, maana povu halishiki kwenye vumbi. Anatikisa kopo, anapuliza, povu linafura kama maziwa yanayochemka. Tukaziba nafasi yote chini ya mabati.

Yakabaki matundu juu ya dirisha, yale aliyoacha fundi wa nyumba. Papa Neema akashusha kopo.

"Maman Neema, haya ni ya hewa."

"Hewa njo inamuua mutoto. Ziba."

Akaziba.

Mama Shukuru akaja kuchungulia. "Bana, munajenga nyumba ao munapakaa keki ya harusi?" Tulicheka. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho. Povu limekauka mikononi mwangu. Sabuni haitoi, petroli haitoi.

Ijumaa, 7 Novemba

Harufu bado ipo. Watalala tena kwa Mama Shukuru. Siharakishi, sitaki mtoto avute sumu.

Nimewasha mshumaa chini ya mabati. Moto umesimama wima. Haleluya.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamerudi. Harufu imekwisha, chumba kimetulia. Papa Neema amerudi kazini Bukavu. Nimemwomba Mungu anisamehe kwa vile nilivyomdharau na povu lake.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika ili nisipige kelele.

Baada ya ibada mvua ilianza, ile ya baridi yenye mawe. Nikaingiza mbabula, jiko letu la makaa, chumbani kwa Neema. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nikafunga mlango ili joto lisitoke, nikaenda kupika. Niliporudi Neema alikuwa amelala vibaya, matapishi shingoni. Nilimwita. Hakuitika. Mtoto kifuani mwake alikuwa kama kitambaa.

Niliwavuta nje. Mtoto huyu niliyemkinga na upepo, nimemshika mkononi kwenye mvua, uchi, nikipiga kelele ya jina la Yesu. Akakohoa. Kidogo tu. Mume wa Mama Shukuru akaleta gari la kupakia viazi.

Jumatatu, 10 Novemba

Hospitali, kwenye benchi. Neema amefungua macho. Mtoto yuko kwenye oksijeni.

Muganga wa wodi aliuliza kuna moto gani nyumbani. Nikamwambia. Akauliza hewa inapita wapi. Nikatazama povu lililokauka mikononi mwangu.

Mama yangu alinikalisha na mbabula nilipojifungua Neema. Yeye pia alikalishwa hivyo na mama yake. Mzazi anakaa na moto, ndivyo tunavyofanya sote. Lakini nyumba zile zilivuja upepo kila upande. Hii niliiziba mwenyewe, nikaweka na mshumaa kupima. Niliogopa harufu ya povu. Makaa sikuyaogopa, nimeyajua maisha yangu yote.

Bwana, ukitaka kumchukua mtu, mimi niko hapa.

Jumatano, 12 Novemba

Papa Neema amekuja. Amepita nyumbani kwanza, akatoboa matundu yote kwa kisu. Hakuniambia "nilikuambia." Afadhali angesema. Alikaa kando yangu kwenye benchi, tukala ndizi moja wawili.

Neema hazungumzi nami. Anageuka ukutani. Ana haki.

Alhamisi, 13 Novemba

Siwezi kusali. Nafungua mdomo, hakuna kitu.

Jumapili, 16 Novemba

Wametoa oksijeni. Anapumua mwenyewe, ananyonya. Muganga hakutudanganya: kama hewa ile mbaya ya makaa iliacha kitu kichwani mwake, haijulikani sasa. Tungoje, tutazame kama atafuata sura kwa macho, kama atacheka.

Leo mchana Neema alifungua kitenge chake. Akamtoa mtoto, akamweka juu yangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga vizuri.

"Mushike, Mama. Niende kuoga."

Hayo tu. Akaenda. Alikawia, nadhani kwa makusudi.

Nje jua linawaka. Dirisha la wodi liko wazi. Anapumua kwenye shingo yangu. Nimeweza kusali tena, maneno machache.

Bwana, umenisikia. Nangojea neno lako juu ya kichwa cha mtoto huyu. Unijibu mbio, tafadhali.