Krimu ya Nairobi na Mafuta ya Simsim

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukinisoma redioni tafadhali badilisha majina, maana hapa Garissa kafyu ikishatufungia ndani kila nyumba inasikiliza kipindi chako, ya kwetu ikiwa ya kwanza. Mume wangu Guleid ni mfanyabiashara, huenda Nairobi na msafara wa malori yenye askari mbele na nyuma, njia yenyewe ni ya risasi, mimi huku nasoma dua mpaka ulimi unakauka, naye kila akirudi ananiletea kopo la krimu ya kung'arisha uso. Niliipaka mara moja ikaniwasha kama pilipili, lakini utamwambiaje hivyo mtu aliyepita njia ile? Nikaimwaga chooni, nikapasha moto mafuta ya simsim kutoka kinu cha mjomba wangu kinachozungushwa na ngamia, nikatia nta ya nyuki kidogo yagande, na tone la mafuta ya karafuu, nikajaza kopo lile lile. Ngozi ikawa laini, Guleid akasema, "Wallahi Ebla, hii dawa ya Nairobi si mchezo!" nami nikacheka tu. Sasa ameisifu kwa mji mzima, na dada yake Rukiyo, tunayekaa naye na anayeolewa mwezi ukiandama, amenunuliwa kopo la kweli. Uso umekuwa mwekundu, unabanduka, na jana ameniuliza akilia, "Abaayo, dada yangu, hii kitu wewe ilikukubali, mbona mimi inanichoma? Niongeze?" Nikamwambia avumilie. Nikisema kweli nitamwaibisha mume wangu, na mimi nitaitwa mwongo. Nifanye nini?

Ebla, Garissa

Ebla, pole. Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, halafu nikafika pale pa "avumilie" kicheko kikaniisha. Avumilie nini, mama? Tangu lini bibi arusi akapikwa kabla ya pilau?

Wewe ni fundi, hilo nakupa. Simsim haiongezi maji kwenye ngozi, inayazuia yaliyomo yasitoke, ndiyo maana hufaa ukipaka uso ukiwa bado na unyevunyevu, hasa kwa jua la huko kwenu. Karafuu nayo ni kali; imekuacha salama kwa sababu tone moja limesambaa ndani ya mafuta mengi. Ungeipaka peke yake ungelia pamoja na wifi yako. Weka kopo kivulini, limefunikwa, na likianza kunuka uchachu tupa. Lakini krimu za kung'arisha, nyingine hutiwa zebaki, na hiyo ni sumu.

Rukiyo aiache leo. Anawe kwa maji matupu, na kesho kukipambazuka aende zahanati, na kopo lake mkononi. Simsim isiguse penye vidonda. Akipona, ajaribu kwanza ndani ya mkono, bila karafuu.

Na Guleid umwambie. Mwanamume anayepita kwenye risasi atakufa kwa kuchekwa? Atanuna siku mbili, kisha ataomba chai.

Ila nakujua. Utangoja ale, halafu utangoja alale. Barua yako imekaa njiani wiki mbili, na uso wa watu unaendelea kuungua. Majina nimeyabadilisha kama ulivyotaka, kisa sikukibadilisha. Kwa hiyo wewe, bibi arusi wa Garissa, uliyekaa hapo karibu na redio ya kaka yako: wifi yako aliipaka krimu hiyo mara moja tu, akaitupa. Inuka ukanawe.