Mkwe Hapiti Jikoni

Kemambo, 4 Machi 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, sijui nyinyi huko Mugumu. Cherehani inakwenda? Mama hajambo?

Nimefika kituo changu cha kazi. Shule hii ilikuwa ya misheni. Serikali imeichukua lakini masista wamebaki wanafundisha. Mimi Mwislamu peke yangu, na nimepewa chumba ubavuni mwa kanisa! Sista Benigna ananiita mwanangu. Anafundisha hesabu mpaka kichwa kigumu kabisa kinaelewa. Walimu wazuri tunao, baba. Shida ni njaa.

Watoto wanatoka mbali, tumboni hamna kitu. Ijumaa Gati wa darasa la nne, mtoto mwenye akili kweli, alianguka mbele ya ubao, chaki mkononi. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, sikujali. Nusu ya darasa wameona heri wachunge ng'ombe, huko angalau wanapata maziwa.

Sufuria lipo. Mpishi yupo, Mama Waisiko, mcheshi huyo! Mahindi ndiyo hakuna. Wa kuwahimiza wazazi watoe ni mwenyekiti wao, Mzee Matiko, naye hajakanyaga shuleni mwaka mzima. Namwandikia vikaratasi vya kumwita, haji. Kiburi gani hiki?

Binti yako,
Kuruthumu

Mugumu, 15 Machi 1974

Binti yangu,

Marahaba. Hapa wote salama, mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Sasa sikiliza. Mtu mzima haitwi kwa kikaratasi kama mtoto mtoro! Mfuate kwake. Nenda na huyo mpishi, amweleze mwenyewe jinsi sufuria lilivyo kavu. Usimpe taarifa, asije akatoroka.

Ukishindwa, rudi. Mwalimu mkuu wa hapa ni mteja wangu, nimeshamwomba akutafutie nafasi. Sikukusomesha ili ukalie machozi Kemambo.

Baba yako,
Athuman

Kemambo, 2 Aprili 1974

Baba,

Shikamoo, natumaini hamjambo, lakini ushauri wako umeniua!

Jumamosi nilimchukua Mama Waisiko, nikamwambia tu tunatembelea wazazi. Unajua watu wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba bado ngeni, hata wenyeji hawajajua nani anakaa wapi. Tukaingia mji wa tatu kutoka kisimani, kama mtoto mmoja alivyonielekeza. Mzee Matiko amekaa kwenye kigoda, kifua wazi, anakula. Akainua macho. "Mura, nimekwisha!" akamaka kama wanavyomaka watu wa hapa. Akaruka ua, tonge mkononi! Nageuka, Mama Waisiko kajifunika khanga kichwa kizima, kajitupa kwenye mtama.

"Mwalimu, umenileta kwa mkwe wangu! Ameoa binti yangu! Na anakula!"

Kumbe ndiyo sababu. Hapa mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, sembuse kwenye chakula. Na jiko letu liko langoni kabisa, huwezi kuingia shuleni bila kumpita mpishi. Nilichokiita kiburi kilikuwa heshima, baba. Naona haya hadi leo.

Mama Waisiko amesema hapiki tena. Sasa sina mahindi wala mpishi. Asubuhi Gati hakuja. Labda kweli nirudi.

Binti yako,
Kuruthumu

Kemambo, 20 Mei 1974

Baba,

Shikamoo. Hukujibu, nikajua umenuna au unacheka. Wote hamjambo? Mimi sijambo zaidi ya sijambo!

Nilikwenda peke yangu kwa wazee kuomba radhi. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Wakasema, mgeni hana kosa, lakini jiko lina kosa. Basi darasa la nne na Sista Benigna, kanzu amekunja, tukakata miti tukazungushia jiko ua mrefu, tukafungua njia ya pili upande wa uwanja wa mpira. Watoto wanaiita Mlango wa Mkwe.

Mama Waisiko akarudi jikoni. Na Ijumaa, Mzee Matiko akapita mlango wake! Nyuma yake wazazi na magunia ya mahindi na mtama, na maksai wake wawili wa kulima shamba la shule. Tukampa uji nje ya ua. Akanywa, akapaza sauti: "Mwambieni aliyepika, umeiva!" Gati akakimbia kupeleka ujumbe, ingawa wote wawili wanasikiana kila neno. Ndani ya ua vikapigwa vigelegele, nasi tukaitikia shule nzima.

Darasa limejaa, dawati moja wanne. Leo Gati alikunywa vikombe viwili, akasimama ubaoni akafanya hesabu mpaka Sista akasema basi, waachie wenzako.

Lakini baba, nafasi ya Mugumu imefikia wapi? Ukisema nije, nitakutii. Moyo wangu lakini uko hapa.

Binti yako,
Kuruthumu

Mugumu, 3 Juni 1974

Kuruthumu wangu,

Marahaba, mwalimu. Sote wazima. Sikununa. Nilikuwa nahangaika na uhamisho wako, na nilimshonea yule mwalimu mkuu suruali ya bure ili autie mkazo.

Jana amekuja mbio, "Athuman, imekubaliwa!" Barua yako nilikuwa ndiyo kwanza nimeimaliza. Mama yako alikuwa anaipigia vigelegele peke yake uani, majirani wakidhani tuna harusi. Nikamwambia mwalimu mkuu, bwana, samahani sana, nafasi hiyo mpe mwingine, mwanangu ana kazi. Amekasirika, lakini suruali kaondoka nayo.

Njoo likizo, tukuone. Ukija kabla ya likizo, mlango sifungui.

Baba yako,
Athuman